Kiwanda cha Mawe Arobaini na Moja

Uwiii! Uwiii! Uwiii!

Kwanza kilisikika king'ora. Gari halijaonekana, vumbi halijatimka, hata mbwa wa jirani hajaamua kama abweke au akimbie, lakini king'ora kilikuwa kimekwisha kufika bondeni na kinazunguka juu ya mashamba ya nyanya kama mgeni asiyejua akae wapi.

Mwasiti binti Kitwana aliinua kichwa kutoka kwenye tuta, akafuta udongo mikononi kwa kanga yake ya shamba, akatega sikio.

"Ving'ora vingapi hivyo?" aliuliza jirani yake, Kibwana Tenge, kutoka tuta la pili.

"Kimoja."

"Basi ni wilaya. Mkoa ana viwili. Waziri ana vitatu na pikipiki mbele."

"Na Rais?"

"Rais ukimsikia ujue ameshapita."

Haya yalitokea katika nchi moja ambayo ukiitafuta kwenye ramani huwezi kuikosa: iko kati ya bahari na deni lake la nje. Ni nchi tulivu, yenye wizara ishirini na tisa, mojawapo ikiwa Wizara ya Kupunguza Wizara, ambayo ina naibu mawaziri watatu kwa sababu kazi ni nyingi. Na ndani ya nchi hiyo kuna Wilaya ya Subirini, ambako nyanya huota hata mahali ambapo hakuna aliyezipanda. Malori ya mjini huja yakachukua theluthi moja kwa bei ya kutupa. Theluthi mbili zinazobaki huliwa na mbuzi, mpaka mbuzi wa Subirini wanajulikana nchi nzima kwa ndevu zao nyekundu.

Ndipo akaja Bwana Torvald Brekke, mtu mrefu kutoka nchi ya baridi, mwenye daftari nene na Kiswahili cha kitabuni kisicho na kosa hata moja wala utani hata mmoja. Alikuwa na kiwanda kizima cha nyanya za kopo, kimefungwa ndani ya makontena, kinangoja meli.

"Ni cha kufunga kwa bolti," aliwaambia wakulima. "Nipeni uwanja mtupu na wiki sita. Kitasimama."

Uwanja ulikuwepo, ekari nne kando ya barabara. Mwasiti, aliyekuwa mwenyekiti wa chama cha wakulima wa nyanya, alipanda juu ya tenga lililopinduliwa, na kwa sauti yake ile inayosikika ng'ambo ya mto akasema, "Msimu huu acheni mahindi! Pandeni nyanya kila mahali, hata uani, hata kwenye kaburi la babu kama lina rutuba! Kiwanda kitanunua zote. Zikioza, leteni mje mzimwage mlangoni kwangu!"

Kaya mia tatu zilimsikiliza. Hakuna aliyebakiza hata tuta moja la mahindi. Nyanya zingeiva baada ya miezi mitatu, na chakula cha mwaka mzima cha kaya mia tatu kilikuwa sasa kimening'inia kwenye ulimi wa mwanamke mmoja.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo Bwana Brekke hakulisoma kitabuni.

*

Katika nchi hiyo hakijengwi kitu kabla kiongozi hajaweka jiwe la msingi. Choo cha shule kina jiwe. Banda la kuku la gereza lina jiwe. Daraja la Mto Subirini, ambalo bado halijajengwa, lina mawe mawili, moja kila ng'ambo, ili watu wa pande zote wajue wanachokikosa. Na jiwe likishawekwa na kiongozi linakuwa kumbukumbu ya taifa: halihamishwi, halikaliwi, halianikwi nguo, wala hakijengwi chochote hatua kumi kutoka kila upande wake, ili wapiga picha wapate nafasi ya kurudi nyuma.

Siku hiyo ya king'ora kimoja alikuwa amekuja Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Daktari Dominiki Lugwisha. Udaktari alipewa na chuo kikuu ambacho yeye mwenyewe alikiwekea jiwe la msingi, na ambacho hadi leo ni jiwe hilo.

Mahema yalifungwa, pilau ikapikwa, fulana zikagawiwa. Mheshimiwa akashika kipaza sauti.

"Ndugu wananchi! Leo si jana!"

"Siyo!" waliitikia watu, kwa kuwa kweli haikuwa jana.

"Mwekezaji huyu hakuja mwenyewe. Ameletwa na mazingira. Na mazingira hayo ameyaweka nani?"

"Wewe!"

"Basi naliweka jiwe hili kwa mkono wangu wa kulia, mkono ambao haujawahi kushika kitu kisicho halali!"

Watu walipiga makofi. Mkono wa kulia uliweka jiwe. Mkono wa kushoto ulikuwa mfukoni, umeshikilia bahasha ambayo Bwana Brekke aliombwa aitoe kwa ajili ya mafuta ya gari, chakula cha dereva, na uchovu.

Jiwe lenyewe lilikuwa bamba jeusi lenye ukubwa wa mlango wa nyumba, limeng'arishwa mpaka unaona meno yako, limelazwa chali juu ya kitanda cha matofali na kuinuliwa kidogo upande wa kichwa kama mtu aliyeshiba. Mawe yote ya msingi nchini hununuliwa kwa lazima kutoka Kampuni ya Heshima Idumu, mali ya shemeji yake Waziri wa Viwanda. Kampuni huyachonga kwenye mlima uleule unaoonekana nyuma ya Subirini, inayapeleka ng'ambo kung'arishwa, kisha yanarudi nyumbani yakiwa wageni na kulipiwa kama wageni. Bili alipelekewa Bwana Brekke.

Kwaya ya wilaya ikasimama, ikaimba:

*Jiwe tumeshalisoma, kiwanda tumekiona,*
*Mkuu mwenye hekima, wa pili hatujaona,*
*Njaa sasa yatuhama, matumbo yanabanana,*
*Ukikohoa twahema, ukicheka tunapona.*

Mheshimiwa alicheka. Watu wakapona.

"Mheshimiwa," alisema Bwana Brekke baada ya pilau, "sasa naweza kuanza kuchimba?"

"Chimba, ndugu yangu, chimba! Nani anakuzuia?" Mheshimiwa alimshika bega, akamvuta kando. "Ila msubiri kwanza Mkoa. Akisikia nimeweka jiwe peke yangu atasema namdharau. Wewe ni mgeni, hutaki kunigombanisha na bosi wangu, au unataka?"

Bwana Brekke hakutaka. Alifungua daftari lake nene akaandika: *Wiki moja zaidi.*

*

Mkuu wa Mkoa alikuja na ving'ora viwili na jiwe lililozidi la wilaya kwa shubiri tatu. Alitazama jiwe la aliyemtangulia, akaguna, akaagiza lake liwekwe katikati ya uwanja.

Naibu Waziri wa Viwanda hakuweza kukubali jiwe dogo kuliko la Mkoa. Waziri hakuweza kukubali jiwe dogo kuliko la Naibu wake. Halafu Waziri wa Kilimo akapiga simu akilalamika: nyanya ni zao, zao ni kilimo, iweje Viwanda waingie shambani kwake na viatu? Akaja na jiwe. Waziri wa Afya akasema nyanya ni lishe. Waziri wa Maji akasema nyanya ukiipasua, kwa kiasi kikubwa ni maji. Waziri wa Ulinzi hakutoa sababu yoyote. Alikuja tu na jiwe lake kwenye deraya, na hakuna aliyemuuliza.

Kwaya haikupata shida. Ilikuwa ikibadilisha neno moja tu, "Mkuu" likawa "Waziri", beti zikaenda sawa. Taabu ilitokea siku alipokuja Kaimu Naibu Katibu Mkuu Msaidizi, ambaye cheo chake hakikuenea kwenye mshororo. Waimbaji walijaribu mara saba, mwalimu wa kwaya akazimia, na mheshimiwa huyo akaondoka amenuna huku akisema Subirini kuna upinzani.

Wakati huo nyanya zilikuwa zimeshatoa maua.

"Mwenyekiti," Kibwana alimwambia Mwasiti, wamesimama ukingoni mwa uwanja wakitazama mawe kumi na tisa yanavyometa juani, "hebu nionyeshe kidole. Kiwanda chenyewe kitakaa wapi? Hapa kwa Maji au pale kwa Ulinzi?"

"Kitakaa, Kibwana. Nimesema kitakaa."

"Mimi sina neno, dada yangu. Nauliza tu, maana mke wangu ameanza kuniuliza, na yule akiuliza huwa hafanyi mzaha."

Kesho yake Mwasiti alivaa kanga mpya, akamchukua Bwana Brekke, wakapanda basi kwenda makao makuu ya nchi.

*

Huko kuna jengo la vioo lenye ghorofa tisa linaloitwa Kituo cha Dirisha Moja. Lilijengwa ili mwekezaji asisumbuliwe kwenda ofisi nyingi. Akifika pale anasumbuliwa mahali pamoja. Mwasiti alihesabu madirisha ishirini na saba.

"Samahani, bwana," alimwambia mtumishi wa dirisha la kwanza, "lile dirisha moja lenyewe ni lipi?"

"Lile lililofungwa."

"Linafunguliwa lini?"

"Mwenye ufunguo yuko semina."

"Semina ya nini?"

"Ya kuharakisha huduma. Ameshamaliza miezi minne, imebaki miwili."

Wakaenda dirisha hadi dirisha. Kila waliyemweleza habari ya mawe alisikitika kwa dhati, akagonga muhuri, akauliza kama wamekuja na chochote cha maji ya kunywa. Kufika dirisha la kumi na nne Bwana Brekke, ambaye kampuni yake ilimwapisha asitoe hongo, aliuliza kwa Kiswahili safi, "Je, maji haya yana risiti?" Ofisi nzima ikacheka mpaka mtu wa dirisha la ishirini akaja kuangalia kuna nini.

"Twende kwenye Tume," Mwasiti alisema kwa hasira.

Tume ya Kung'oa Rushwa iko mtaa wa pili. Ofisa aliyewapokea alikuwa mtu wa huruma. Alisikiliza kila neno, akatoa leso, akajifuta macho.

"Mama yangu, hii ni aibu," alisema. "Hii ni aibu ya taifa. Tutafungua jalada leo leo. Tutakuja wenyewe mpaka hapo uwanjani."

"Alhamdulillahi," alisema Mwasiti.

"Na tutaweka jiwe."

"Jiwe?"

"Jiwe la Uadilifu. Wizara zote zina jiwe pale, sisi tu ndio hatuna? Wananchi watatuelewaje? Litakuwa la ukubwa wa wastani tu. Kama la Ulinzi."

*

Mawe yalipofika thelathini na tano, gazeti la serikali lilitoa habari kubwa ukurasa wa mbele: SUBIRINI YAJA JUU, VIWANDA THELATHINI NA TANO. Wizara ya Takwimu ilieleza kwamba kwa kuwa kila kiwanda kina jiwe la msingi, basi kila jiwe la msingi lina kiwanda, hesabu ambayo wataalamu kutoka nje walikuja kuipiga picha. Baada ya wiki mbili mawe yakawa arobaini, na ofisa wa kodi akafika kwa Bwana Brekke na begi.

"Hongera sana, Bwana. Una viwanda arobaini na hujalipia hata kimoja."

"Sina hata kimoja," alisema Bwana Brekke. "Mashine zangu ziko langoni, ndani ya makontena. Hakuna pa kuzishushia."

"Sasa hayo ni mambo ya ndani ya kampuni yako. Mimi nafuata gazeti."

Kilichobaki kitupu katika ekari zile nne kilikuwa njia ya kuingilia tu, upana wa malori mawili. Bwana Brekke alishaipima mara tatu kwa futi yake ya chuma. Alikuwa ameona kwamba akikunja hapa na kupandisha pale, akiweka mtambo wa kukamulia juu ya mtambo wa kuchemshia, kiwanda chake kingeenea kwenye njia hiyo, chembamba kama behewa la treni. Nyanya zilikuwa zimeanza kuwa za manjano. Akikesha na mafundi wake, mtambo wa kuchemshia ungewashwa ndani ya wiki moja.

Asubuhi hiyohiyo ikaja barua yenye nembo ya dhahabu. Njia ya kuingilia imetengwa kwa ajili ya jiwe la Mtukufu Rais mwenyewe. Tarehe itatangazwa.

Bwana Brekke aliisoma barua mara mbili. Akafunga daftari lake. Mwasiti alikuwa hajawahi kumwona akilifunga.

"Bi Mwasiti, nakwenda," alisema.

"Unakwenda wapi, mwanangu? Nyanya zinaiva!"

"Ng'ambo ya mpaka. Nimepata uwanja, kilomita hamsini kutoka hapa."

"Kwani wale jirani zetu malaika? Kule hawali?"

"Wanakula," alisema Bwana Brekke, na kwa mara ya kwanza alionekana kama mtu anayetaka kutania lakini hajui pa kuanzia. "Nimeuliza vizuri. Wanakula mara moja, halafu wanaondoka. Hapa kwenu kila mtu anakula, na hakuna anayenyanyuka kwenye mkeka."

Makontena yaligeuzwa langoni. Mwasiti alisimama kando ya barabara mpaka lori la mwisho likamezwa na vumbi. Aligeuka. Kibwana alikuwa nyuma yake, na nyuma ya Kibwana walikuwa watu kama mia mbili, wamebeba matenga.

Hakuna aliyemtukana, afadhali wangemtukana. Walimtazama tu.

"Baada ya wiki moja zitakuwa zimeiva zote, Mwenyekiti," alisema Kibwana, na sauti yake haikuwa na mzaha safari hii. "Tuzilete mlangoni kwako kama ulivyosema? Mlango wako ni mmoja, hautatosha."

*

Hapo Mwasiti akapandwa na wazimu. Alichomoa nyanya kwenye tenga la Kibwana, nyanya nono iliyoiva kabla ya wenzake, akaingia uwanjani moja kwa moja, akavuka zile hatua kumi zisizojengwa kitu, akasimama mbele ya jiwe la Mkuu wa Wilaya.

"Hii ya leo si jana!" akapiga kelele, akaitupa.

Pwaa! Nyanya ikapasukia kwenye neno "Daktari".

Watu walishika vichwa. Halafu mwanamke mmoja akatoa kicheko, akachukua yake, akamlenga Mkoa. Pwaa! Kibwana akachagua Ulinzi, kwa mbali kidogo, ili apate nafasi ya kukimbia. Kwa muda wa robo saa serikali nzima ilipigwa nyanya, kuanzia wilaya mpaka Tume ya Kung'oa Rushwa, na watu waliokuwa wanakaribia kulia wakacheka mpaka wakakaa chini.

Kisha wakaona aibu, wakaondoka.

Siku ya pili mchana Mwasiti alirudi na ndoo ya maji na tambara kusafisha, kwa kuwa kuogopa aliogopa. Alipofika kwenye neno "Daktari" alikuta kipande cha nyanya kimelala pale, chekundu sana, kikavu kama ngozi ya ngoma. Hakikuwa na nzi wala ukungu. Alikibandua kwa ukucha. Akakinusa. Akakitia mdomoni.

Kilikuwa kitamu kuliko nyanya yoyote aliyowahi kula maishani.

Akaweka kiganja chake juu ya jiwe, akakiondoa haraka. Lilikuwa linaunguza kama chungu. Mara ngapi Subirini walijaribu kukausha nyanya! Kwenye mikeka zilifanya ukungu, kwenye bati zilishika kutu, chini zilikula mchanga. Na hapa palikuwa na mabamba arobaini meusi, laini, yameinuliwa kichwa ili maji yatiririke, yanakula jua kutwa na kulihifadhi mpaka umande unapokuja. Hakuna tajiri nchini ambaye angeweza kununua sakafu kama hiyo.

Alitoa simu kwenye fundo la kanga.

"Bwana Brekke? Kiwanda chako kinataka nyanya mbichi tu, au hata kavu?"

"Kavu ni bora. Kiwanda bado hakijasimama, mbichi zitaoza zikikingoja; kavu naweza kusafirisha mbali hata leo. Ziwe safi, bila mchanga. Lakini, Bi Mwasiti, utakaushia wapi?"

"Serikalini," alisema Mwasiti.

*

Kesho yake kabla ya saa tatu kaya mia tatu zilikuwa uwanjani na visu. Kila kundi lilipewa kiongozi wake. "Sisi tuko kwa Afya!" "Nyie wa Maji, pindueni zenu!" "Nani amemwaga mbegu kwa Kilimo?" Watu ambao kwa miaka arobaini hawakuwahi kupata huduma yoyote wizarani sasa walikuwa wanaingia na kutoka wizara zote bila miadi. Aliyesifiwa kuliko wote alikuwa Waziri wa Ulinzi, aliyekausha matenga tisa kwa siku.

Siku ya tatu Mheshimiwa Daktari Lugwisha alipita barabarani, akaona, akasimamisha gari kwa nguvu mpaka kofia ikamdondoka.

"Nani? Nani ameruhusu? Mnaanika nyanya juu ya jina la Mheshimiwa Waziri? Juu ya jina *langu*?"

Wakulima wote walimtazama Mwasiti. Mwasiti alipiga goti kidogo, kwa heshima, kisu bado kikiwa mkononi.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba! Jibu swali!"

"Sheria inakataza kuanika nguo, Mheshimiwa. Halafu tuliona uchungu. Jua la Subirini unalijua, linababua. Herufi za dhahabu zitapauka. Na kunguru, Mheshimiwa, samahani kwa lugha, kunguru hawana adabu na majina ya watu. Juzi walimfanyia Waziri wa Fedha jambo ambalo siwezi kulitamka. Tukasema, viongozi wetu wapigwe na jua sisi tupo? Tukaamua kuyafunika majina yenu."

"Kwa nyanya?"

"Ndicho tulicho nacho, Mheshimiwa."

Mheshimiwa alitazama uwanja. Alitazama mamia ya watu wameinama juani juu ya majina ya viongozi wao, na kidevu chake kikaanza kutetemeka.

"Uzalendo," alinong'ona. "Huu ndio uzalendo."

Jioni hiyo alisaini hati ya kuanzisha Kikosi cha Kulinda Majina, Mwasiti akiwa kamanda, na kupiga marufuku mtu mwingine yeyote kukanyaga uwanja huo, hata kama ni ofisa wa kodi.

Ijumaa magunia ya kwanza yalivuka mpaka. Bwana Brekke aliyapima, akalipa siku hiyohiyo, na kwa wiki nzima Kibwana alitembea amevaa viatu shambani. Wizara ya Biashara ilitangaza kuwa mauzo ya nje yamepanda. Miezi michache baadaye ingetangaza kuwa nchi imeanza kuagiza nyanya bora za kopo kutoka kwa jirani, na yote mawili ingeyaita mafanikio.

Lakini tatizo lilibaki moja, tena kubwa. Mawe arobaini hayakutosha. Kaya mia mbili zilikuwa zimekausha. Kaya mia moja za mwisho, za upande wa juu wa bonde, matenga yao yalikuwa bado kivulini, yameanza kulainika. Walikuwa na siku nne, pengine tano.

Mwasiti alikwenda mwenyewe ofisini kwa Mkuu wa Wilaya.

"Mheshimiwa, wananchi wanalia."

"Wanalia nini tena?"

"Wanataka jiwe la Rais. Tarehe imeahirishwa mara tatu, hawalali. Wanasema uwanja una kila kiongozi isipokuwa baba yao."

Mheshimiwa Daktari Lugwisha, ambaye kwa miaka sita alikuwa akiwalipa watu waje kushangilia, aliinua simu huku machozi yakimtoka.

*

Jiwe la Mtukufu Rais lilikuja juu ya matrela mawili. Lilikuwa na ukubwa wa uwanja wa mpira wa wavu. Liliziba njia ya kuingilia yote, kutoka mfereji hadi mfereji, na kwa kuwa lilikuwa zito mno kuinuliwa, lililazwa kifudifudi kwanza kwa makosa, kisha likageuzwa na wanajeshi sabini. Juu yake liliandikwa jina lote la Rais, majina yake ya heshima kumi na manne, na mwishoni, kwa herufi ndogo, neno "kiwanda".

Mtukufu Rais alikata utepe. Alitazama jiwe lake, akatazama watu.

Alikuwa amekwisha kuwekea mawe mambo mengi mtu yule. Makofi ya kupangwa aliyajua, kama mpishi anavyoijua chumvi. Lakini sauti iliyomfikia siku hiyo ilikuwa ya namna nyingine. Wanawake wa upande wa juu wa bonde walikuwa wanapiga vigelegele mpaka vilemba vinafunguka. Wazee walikuwa wanakumbatiana. Kibwana Tenge alikuwa amepiga magoti, anapima upana wa jiwe kwa mikono, huku midomo yake ikitikisika kama mtu anayeomba dua: matenga arobaini, hamsini, sitini, Mungu wangu, sabini.

"Hawa mmewalipa?" Rais aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hata senti, Mtukufu," alisema Mheshimiwa Lugwisha, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wake wa umma alikuwa anasema kweli.

Rais aliguswa moyo. Alisukuma kando hotuba aliyoandikiwa, akamwita kamanda wa Kikosi cha Kulinda Majina aje mbele, akampa kipaza sauti.

"Mama," alisema, na macho yake yalikuwa yamelowa, "nimeweka mawe mia nane katika nchi hii. Nikiondoka tu, watu wanayasahau. Majani yanaota. Niambie ukweli mbele ya wananchi: hili langu mtalitunza?"

Kaya mia moja za upande wa juu wa bonde zilikuwa zimeshika visu mkononi na matenga miguuni, zinangoja.

Mwasiti alilitazama jiwe kutoka kichwani hadi miguuni. Lilikuwa limeanza kufuka joto. Akashika kipaza sauti kwa mikono miwili, na ile sauti yake inayovuka mto ikavuka mto.

"Mtukufu Rais, nakuahidi mbele ya hawa wote: msafara wako haujafika kwenye lami, jina lako tutakuwa tumeshalifunika lote, kuanzia herufi ya kwanza hadi nukta ya mwisho!"